Kunguni Mwekundu

"Samahani, Lusajo," mlango ulisema kwa ile sauti yake ya upole iliyomkera kila mtu wodini. "Kiwango chako kimefika mwisho. Tafadhali nenda ukapumzike."

"Nimekusikia!" Lusajo aliupiga kwa kiganja. "Nabadilisha shuka tu, natoka. Shuka!"

"Samahani, Lusajo. Kiwango chako..."

"Aa, nyamaza basi!"

Sista Subilaga Mwaijande alikuwa anakuja koridoni amekumbatia boksi la glovu. Alikuwa muuguzi wa siku nyingi, sasa afisa wa usalama wa watumishi katika Hospitali ya Nyandatulo, na wiki ile nzima kazi yake ilikuwa kuamua ugomvi kati ya watu na milango.

"Lusajo, unagombana na mlango."

"Sista, huu mlango una kiburi."

"Geuka nikuone."

Kijana aligeuka, akainamisha kichwa kama mtoto anayekaguliwa masikio. Chini ya sikio lake la kushoto kilibandikwa kidude bapa kisichozidi ukubwa wa punje ya haragwe. Wahandisi walikiita Kipimahewa. Wauguzi walikiita kunguni, kwa sababu kilinyonya damu na kwa sababu kiliwasha. Kunguni alihesabu vijidudu vya mkabo, ugonjwa wa hewani uliokaba watu koo na kifua, ambavyo mvaaji alikuwa amevivuta kwa pumzi, kisha akapima kama damu yake bado ina uwezo wa kupambana navyo. Akiwa wa kijani, mlango ulifunguka. Akiwa wa njano, ulifunguka na kukuhimiza utoke haraka. Akiwa mwekundu, haukufunguka hata ulie.

Wa Lusajo alikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva.

"Umeingia asubuhi ukiwa wa kijani," Subilaga alisema.

"Wa kijani kabisa. Nimefanya raundi moja tu, Sista. Moja! Zamani nilikuwa namaliza zamu nzima."

Subilaga alitazama juu, kwenye matundu ya dari. Chumba cha mkabo kilikuwa na feni tatu za kunyonya hewa chafu na kuitupa nje kupitia vichujio. Moja tu ndiyo ilikuwa inazunguka, tena kwa kukwaruza. Hewa ya mle ndani ilikuwa inazunguka mle mle, kutoka kifua hadi kifua.

Ndani, nyuma ya kioo, Mama Stamili alikuwa ameketi kitandani akiwatazama. Alikuwa fundi cherehani wa sokoni, mwenye mikono mikubwa na subira ndogo. Mkabo ulikuwa umemziba koo, kwa hiyo madaktari walimpitishia mrija wa kupumulia shingoni, na tangu hapo hakuweza kutoa sauti. Aliongea na Lusajo kwa ishara za kazi yake. Sasa aliishika shuka yake iliyolowa jasho, akakunja pua, halafu akafanya vidole viwili kama mkasi: kata maneno, fanya kazi.

"Anatusema," Lusajo alisema.

"Ana haki," Subilaga alijibu. "Kaa chini. Naenda kwa Mkurugenzi."

"Tena?"

"Tena."

*

Dokta Erasto Ndimbo, Mkurugenzi wa hospitali, alikuwa mtu nadhifu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na ofisi yenye madirisha mapana. Alimkaribisha Subilaga kwa heshima zote. Siku zote alifanya hivyo, na ndicho kilichochosha.

"Karibu, Sista Subi, kaa. Nasikia wauguzi wako wako nje tena."

"Wako nje, daktari. Wengi wao."

"Unaona sasa? Hawa kunguni wanatufungia hospitali."

"Kunguni hawajafunga kitu. Feni ndizo zimekufa."

"Feni zinashughulikiwa."

"Zinashughulikiwa tangu masika. Sasa hivi watu wanavuna mahindi."

"Vipuri viko njiani, Sista."

"Njia gani hiyo, daktari? Wanavileta kwa miguu?"

Mkurugenzi alitabasamu kidogo, akasogeza kiti chake mbele. "Tuseme ukweli. Kikomo kile cha kunguni kiliwekwa na watu waoga, wakati wa hofu. Kipandishe kidogo tu. Wewe ndiye mwenye sauti."

Hapo ndipo walipokuwa wakifika kila mara. Sauti ya Subilaga ndiyo pekee hospitalini iliyoweza kuushinda mlango. Angesema, "Fungua kwa dhamana yangu," akataja jina la mtu, na mlango ungefunguka hata kwa kunguni mwekundu. Sheria ilikuwa imempa afisa wa usalama sauti hiyo na kumnyima mkurugenzi, na Subilaga ndiye aliyepigania iwe hivyo.

Lakini dhamana haikuishia kwa mtu mmoja. Mashine iliyoendesha milango ilikuwa inajifunza. Mtu akiingia kwa dhamana na asiugue, iliandika kwamba kikomo kilikuwa kikali mno, ikakilegeza kwa kila mtu. Mtu akiugua, ilikaza tena, ila huyo mtu alikuwa ameshaugua. Katika hospitali za bondeni, maafisa wenye huruma walifungua mlango leo kwa ajili ya mama mjamzito, kesho kwa ajili ya mzee, hadi milango yao ikawa inafunguka kwa yeyote. Wauguzi wawili wa kule walikuwa wamezikwa mwezi uliopita. Kunguni wao walikuwa bado wa njano, kwa kikomo kile kilicholegezwa.

"Sipandishi," Subilaga alisema.

"Wagonjwa je?"

"Tengeneza feni."

"Nakuuliza habari za wagonjwa, unanijibu feni!"

"Kwa sababu jibu ni feni, daktari! Ungeniuliza mara mia ningekujibu feni." Alijiona amesimama, hakukumbuka amesimama saa ngapi. "Tulizo alikuwa rafiki yangu. Tulisoma naye, tukapanga naye chumba. Wimbi la kwanza aliingia mle akiwa na barakoa ya kitambaa kwa sababu mkurugenzi wa wakati ule alisema vifaa viko njiani. Alipokufa nilimvua viatu nikiwa nimesimama mbali naye, kwa fimbo, daktari. Kwa fimbo. Kisha wakaja viongozi wakatuita mashujaa. Sitaki shujaa mwingine mimi. Nataka feni."

Mkurugenzi alishusha macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nalo lilimkera Subilaga. Mtu mbaya ungeweza kumshitaki.

"Nitapiga simu tena," alisema.

Ndipo spika iliyokuwa kwenye kola ya Subilaga ilipolia.

"Sista!" Ilikuwa sauti ya Lusajo. "Mkono umeganda. Mama Stamili anakabwa!"

*

Mkono ulikuwa mtambo ulioning'inia kwenye dari ya chumba. Ulitoa dawa, ulipima mapigo, na kazi yake kubwa kwa mgonjwa kama Mama Stamili ilikuwa kufyonza makohozi kwenye mrija wake yasizibe. Subilaga alipofika akihema, Mkurugenzi nyuma yake, mkono ulikuwa umesimama hewani nusu ya safari, na kioo kilikuwa kimeandika kwa herufi za buluu: Mkono unajisasisha. Tafadhali subiri.

"Unajisasisha?" Subilaga alisema. "Sasa hivi?"

"Nimejaribu kuuzima, umekataa," Lusajo alisema. Tayari alikuwa amevaa gauni, miwani na glovu, barakoa imembana usoni barabara. "Makohozi yameganda kwenye mrija wa ndani. Ni kuuchomoa na kuweka mwingine, Sista. Kazi ya mara moja. Nifungulie."

Ndani, Mama Stamili alikuwa ameshika nguzo za kitanda. Kifua kilipanda bila kupata kitu. Midomo yake ilianza kupoteza rangi. Aligeuza macho kwenye kioo, na safari hii hakufanya ishara yoyote.

"Wako wapi wale wauguzi wawili waliobaki na njano?"

"Wako kwenye chanjo, jengo la chini. Mpaka wapande, wavae..." Lusajo alitikisa kichwa. "Hawafiki. Mimi niko hapa. Nifungulie mimi."

"Lusajo, damu yako imeisha nguvu. Ukivuta hewa ile..."

"Najua! Mimi ndiye ninayekubali! Si wewe!"

"Sista Subi," Mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini, "kijana mwenyewe ameridhia. Mfungulie. Hakuna atakayekulaumu."

Ni kweli, hakuna ambaye angemlaumu. Wangempongeza. Alimtazama Lusajo, kijana aliyelea wadogo zake kwa mshahara wa hapa, macho yake makubwa nyuma ya miwani, na akajua kwamba anampenda kama mtoto wake. Akamtazama mwanamke aliyekuwa anakufa hatua chache kutoka kwake kwa kitu ambacho mtu yeyote mwenye mikono angeweza kukiondoa. Akaisogelea spika ya mlango.

"Fungua kwa dhamana yangu," alisema.

"Nasikiliza," mlango ulijibu. "Nimfungulie nani?"

Jina lilikuwa limefika kwenye ulimi. Alipogeuka kulitamka, jicho lake likaangukia shingo ya Mkurugenzi. Chini ya sikio lake, mahali ambapo kola ya shati jeupe ilikomea, alikaa kunguni wa kijani. Kijani kibichi, kisicho na hata doa. Sheria ilimtaka kila mwajiriwa wa hospitali amvae, na Mkurugenzi alimvaa kila siku, kutoka nyumbani hadi ofisini na kurudi.

"Futa," Subilaga aliuambia mlango. Kisha akasema, "Daktari, ingia wewe."

"Nini?"

"Wewe ni daktari. Kunguni wako ni wa kijani. Mlango utakufungukia bila kumsumbua mtu."

"Sista, mimi sijagusa mgonjwa tangu..." Alitazama mikono yake. "Siku nyingi."

"Lusajo atakuelekeza kwa spika. Gauni hili hapa."

"Kuna utaratibu wa..."

"Daktari!" Alipiga kelele hadi koridoni watu wakatoa vichwa milangoni. "Dakika hii umeniambia nimfungulie mtu mwenye kunguni mwekundu, hakuna atakayenilaumu! Wewe unaogopa nini na kijani chako?"

Mkurugenzi alivua koti lake. Halafu akanyoosha mikono, na Subilaga akamvisha. Gauni. Miwani. Glovu. Alipomfunga barakoa, aliziona ndevu. Zilikuwa nzuri, zimechongwa vizuri, na kingo za barakoa zilikaa juu yake kama kifuniko kwenye sufuria isiyo yake. Kila muuguzi wa wodi ile alinyoa kwa amri ya Subilaga mwenyewe. Wembe haukuwepo, na Mama Stamili alikuwa ameachia nguzo ya kitanda. Akazivuta kamba za barakoa kwa nguvu zake zote, akazifunga, akanyamaza.

"Karibu, Dokta Ndimbo," mlango ulisema, ukafunguka.

Aliingia kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi. "Kushoto kwako, pakiti ya buluu!" Lusajo alipaza sauti kwenye spika. "Ichane. Shika shingo ya mrija kwa mkono mmoja, usiuachie. Sasa zungusha wa ndani. Kinyume! Kinyume, daktari! Vuta."

Pakiti ilimponyoka Mkurugenzi mara ya kwanza. Akachukua nyingine. Akazungusha, akavuta, na mrija ukatoka umejaa ute uliokauka kama gundi. Mama Stamili alikohoa kwa nguvu moja kwa moja usoni kwake. Mkurugenzi hakurudi nyuma. Alichomeka mrija mpya, akauzungusha ukabana, na kifua cha yule mama kikainuka, kikajaa, kikashuka, kikainuka tena.

Alibaki amesimama pale, ameshika mkono wa mgonjwa, hata baada ya mlango kuanza kumsihi atoke. Alipotoka, kunguni wake alikuwa wa njano, na kabla hajamaliza kuvua gauni, njano ilikuwa imekolea.

"Mara moja tu," alisema akijitazama kwenye kioo cha sinki. "Nimeingia mara moja tu."

"Ndiyo, daktari," Subilaga alisema. "Hiyo ndiyo hewa wanayovuta."

Mkurugenzi alinawa mikono kwa muda mrefu. Kisha, akiwa hajavaa hata koti lake, akachukua simu akampigia mtu ambaye Subilaga hakumjua, na kwa mara ya kwanza hakusema habari za njia wala vipuri. Alisema, "Kama mafundi hawatakuwa hapa kabla jua halijazama, nitawaleta waandishi wa habari niwaonyeshe shingo yangu."

*

Jioni hiyo, mafundi wakiwa juu ya dari wanagonga na kubishana, Lusajo alimkuta Subilaga kwenye ngazi za nyuma, upande wa dobi. Hakuketi.

"Nataka kukuuliza kitu, Sista, na usinidanganye."

"Uliza."

"Mkurugenzi angekataa. Angesema haingii. Ungenifungulia?"

Subilaga alikunja uso. Shuka zilizoanikwa zilikuwa zinapigwa na upepo, na ile harufu ya jiki ilimfanya macho yamwashe.

"Ulinisikia mwenyewe. Nilikuwa nimeshaanza."

"Nilikusikia ukifuta."

"Nilifuta kwa sababu nilipata mwingine."

"Na usingepata?"

"Sijui, Lusajo. Hilo ndilo jibu. Kila nikilipeleka mbele naona ningekufungulia. Nikilipeleka mbele zaidi naona nakuvua viatu." Alisimama, akajikung'uta sketi. "Unataka niseme ningemwacha yule mama afe? Siwezi kusema. Unataka niseme ningekuingiza wewe ufe? Hilo nalo siwezi. Na nimechoka, mwanangu. Nimechoka watu kuniletea mimi swali hili, wakati waliolitengeneza wako ofisini wanakunywa maji ya chupa."

Lusajo alijisugua pua. Alikuwa bado na alama za miwani puani.

"Mimi ningeingia," alisema.

"Najua. Ndiyo maana sauti walinipa mimi."

Lusajo alikasirika, Subilaga aliliona hilo. Aliondoka bila kuaga, na siku zilizofuata alimsalimia kwa "shikamoo" kavu isiyo na neno la ziada.

*

Homa ya Mkurugenzi ilianza kabla wiki haijaisha. Walimlaza kwenye kitanda cha pili katika chumba kile kile, jirani na Mama Stamili, ambaye alikuwa anaendelea vizuri na alimtazama jirani yake mpya kwa udadisi mkubwa. Mkabo haukumfikia kooni. Ulimkaa kifuani, ukamnyima usingizi, ukampunguza mwili.

Asubuhi moja alimwita Subilaga kwa spika. Alikuwa amenyolewa. Bila ndevu alionekana mdogo, kama mwanafunzi.

"Sista Subi. Siku ile uliniona ndevu."

Subilaga alikisogelea kioo. Angeweza kusema kwamba haraka ilikuwa kubwa, na ingekuwa kweli.

"Niliziona, daktari."

"Hukusema."

"Ningesema, ungepata sababu ya kutoingia."

Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Ningepata," alikubali. "Ningeishika kwa mikono miwili." Akalala kidogo akitazama dari. "Sijakusamehe bado. Nakuambia ili ujue."

"Ni haki yako."

"Feni zinapiga kelele usiku kucha."

"Zote tatu," Subilaga alisema, na ikabidi ageuze uso, kwa sababu hakutaka amwone anavyotabasamu.

Lusajo alikuja koridoni amevaa kamili, trei ya dawa mkononi. Alikuwa ametoka mapumzikoni siku hiyo. Alisimama mbele ya mlango bila kumtazama Subilaga, akainamisha kichwa kidogo kumwonyesha kunguni wake.

"Karibu, Lusajo," mlango ulisema, ukafunguka.

Subilaga alibaki nje akiangalia. Lusajo alimpa Mkurugenzi vidonge, akamgeuza upande, akamkanda mgongo kwa viganja kulegeza makohozi. Akaenda kwa Mama Stamili, akabadilisha shuka, wakabishana kwa ishara jambo lililomfanya yule mama acheke bila sauti hadi mabega yakatikisika. Akatazama mrija, akausafisha. Hakuharakishwa na mtu. Feni zilivuta hewa juu yao wote kwa mngurumo mmoja mzito.

Alipotoka, alivua gauni kwa utaratibu, akavua glovu, akanawa hadi viwiko. Kunguni alikuwa bado wa kijani.

Subilaga alisimama akilitazama lile doa dogo la kijani, na badala ya furaha akapandwa na hasira upya, hasira iliyomjaa hadi machozi yakamtoka. Mafundi walikuwa wamefanya kazi ile kwa jioni moja. Walibishana, wakagonga, wakashuka na ngazi yao. Ndiyo hiyo tu. Vitu vidogo kama hivyo ndivyo tu vilivyokuwa vinatakiwa miaka yote hii, barakoa jana na feni leo, na kwa kuvikosa watu walikuwa wamevuliwa viatu kwa fimbo.

"Sista?" Lusajo alisema. Alikuwa amesimama mbele yake, mikono inachuruzika maji. "Una nini?"

"Hakuna. Nimekasirika."

"Na nani tena?"

"Na kila mtu. Niache."

Lusajo alijifuta mikono kwa taulo la karatasi, akalitupa.

"Chai imebaki kule?" aliuliza.

"Ipo. Na maandazi."

"Twende basi," alisema, akamshika mkono kwenye kiwiko. "Utakasirika umekaa."